Maswali kumi ya utafiti wa mivunjiko: la mgonjwa linaingia, mbona linatoka limevaa koti jeupe?

#1 Swali_La_Kumi

Wakuu salaam. Naongea na mnaofuatilia ule utaratibu wa Uingereza wa James Lind Alliance, ambapo wagonjwa, ndugu wanaowauguza na watabibu wanakaa meza moja kuamua kipi kitafitiwe kwanza. Nimerudia kusoma orodha ya 2018 ya mivunjiko ya mifupa iliyodhoofika ya mguu na fupanyonga, kwa wenye miaka 60 na kuendelea. Walianza na maswali ghafi 963 kutoka kwa watu 365. Yakasagwa yakawa 88. Yalipopimwa na ushahidi uliopo yakabaki 76. Mwisho wa safari, kumi.

Dai langu: mgonjwa anapotea kati ya 963 na 88. Anaandika "nitakanyaga lini?", linatoka "ni mpango gani wa mazoezi tiba ulio bora kwa mtu mzima". La kwanza unalijibu kwa wiki, la pili linajibiwa kwa kitabu. Nibishieni kwa hoja.

#2 Karatasi_Nyeupe

Nakubishia. Kuunganisha maswali si hila, ni lazima. Huwezi kupigia kura maswali 963, na mengi ni lilelile limeandikwa kwa namna ishirini.

Kazi yenyewe inaenda hivi. Kila jibu la hojaji linapewa namba. Mtu mmoja akiandika aya yenye maswali matatu, yanatenganishwa kuwa matatu. Yaliyo nje ya mada (foleni hospitalini, malalamiko ya chakula, maombi ya ushauri binafsi) yanawekwa kando, hayafutwi. Yaliyobaki yanapangwa kwa makundi: maumivu, upasuaji, mazoezi, kinga, taarifa. Halafu kila kundi linaandikiwa sentensi moja yenye sehemu nne: ni kwa mgonjwa gani, tiba gani, ikilinganishwa na nini, kwa matokeo gani.

Inapoharibika ni sehemu ya nne. Mgonjwa kasema "niweze kushuka ngazi mwenyewe", mwandishi anaona matokeo yametofautiana sana ndani ya kundi, anayaacha wazi. Swali linabaki na tiba bila lengo. Dawa yake ipo: jedwali la kuunganisha liwe na safu ya maneno asilia pembeni ya swali jipya, na wagonjwa walio kwenye kamati elekezi walipitie mstari kwa mstari kabla halijafungwa. Ukiona kamati imepewa orodha ya maswali yaliyokwisha kupigwa pasi tu, bila ile safu, hapo lalamika.

#3 Mzee_wa_Takwimu

Nyote mmeangalia mlango usio wenyewe. Swali linaweza kuandikwa vizuri kabisa na bado likafia kwenye hesabu.

Hojaji ya kwanza inakusanya maswali, ya pili ndiyo ya kupunguza, na mara nyingi kila mtu anachagua kumi anayoyaona muhimu. Wagonjwa wanahesabiwa peke yao, watabibu peke yao, ili kundi lenye watu wengi lisimeze jingine. Hadi hapo safi. Kisha mnajumlisha nafasi. Swali A: wagonjwa wameliweka la 2, watabibu la 24. Jumla 26. Swali B: wagonjwa la 12, watabibu la 11. Jumla 23. Jumla ndogo inashinda, B inapita. Hakuna aliyelipenda B kwa moyo wote, ila hakuna aliyelichukia. Rudia hivyo kwa maswali 76, utapata orodha ya maswali ya katikati: mapana, ya heshima, yasiyomuuma mtu.

Kwa hiyo @Swali_La_Kumi, upana unaoulalamikia unaweza kuwa umetokana na kujumlisha, si kuandika.

#4 Karatasi_Nyeupe

@Mzee_wa_Takwimu mfano ni halali, ila si kamati zote zinajumlisha tu. Nyingine zinachukua kwanza ya juu ya kila kundi, zinayaingiza yote kwenye orodha fupi ya maswali 25 hivi, ndipo zinajaza nafasi zilizobaki kwa jumla. Kwa njia hiyo A yako inafika kwenye warsha ya mwisho, ile ya kuchagua kumi. Kama itatoka hai huko, hiyo ni habari nyingine.

#5 Gongo_la_Mkono

Mnapigia hesabu watu walioandika. Mie nauliza wasioandika.

Mvunjiko wa nyonga ndio mkubwa kuliko yote katika umri huo. Angalieni WHiTE 5, utafiti wa Uingereza uliotoka 2022 ukilinganisha nyonga nusu ya bandia iliyofungwa kwa saruji na isiyofungwa kwa saruji. Wagonjwa 1,225, wote miaka 60 na zaidi. Ndani ya mwaka mmoja walifariki 23.9% upande wa saruji na 27.8% upande wa pili. Robo ya watu hamna. Ongeza wenye upungufu wa kumbukumbu, ambao ni wengi sana kwenye wodi hizo, na wasiotumia intaneti. Anayebaki kujaza hojaji ni yule aliyepona vizuri, macho yanaona, kompyuta ipo. Swali lake ni "lini narudi kuendesha gari". Yule mwingine, swali lake lingekuwa "nani atanigeuza kitandani usiku bila kuniumiza", na halimo.

#6 Kandambili

Tatizo lenu mmeacha kila kitu kwa madaktari. Hojaji zenyewe zimejazwa na wao kwa wao, mgonjwa kawekwa pambo. Hata huyo James Lind alikuwa daktari, alijaribu malimao kwa mabaharia 1847 bila kuwauliza.

#7 Kitabu_Wazi

@Kandambili polepole. Ni 1747, kwenye meli HMS Salisbury, mabaharia 12 wenye kiseyeye, wawili wawili kwa tiba sita. Waliopewa machungwa na malimao ndio waliopata nafuu upesi. Kuhusu kutowauliza, hilo sikupingi.

Ushirika wenyewe, James Lind Alliance, ulianzishwa 2004, na Iain Chalmers, mtafiti wa tiba wa Uingereza, akiwa mmoja wa waanzilishi. Na kuhusu nani alijaza: kwenye ile ya 2018 waandishi wanasema watabibu kwa upande mmoja, na wagonjwa, ndugu na marafiki kwa upande wa pili, walikuwa sawa kwa sawa. Kwa hiyo "wao kwa wao" si kweli.

#8 Gongo_la_Mkono

"Wagonjwa, ndugu na marafiki" kwa pamoja, mkuu. Soma tena ulichoandika. Binti anayemuuguza mama yake ana maswali yake halali, lakini si ya mama. Ya binti ni ya usalama: asianguke tena, asiachwe peke yake. Ya mama ni ya uhuru: aachwe atembee. Hapo hapo ndani ya "upande wa mgonjwa" kuna pande mbili zinazovutana.

#9 Kandambili

1747, 1847, malimao ni yale yale 😂

#10 Nyayo_Mbili (fizio)

Nirudi kwa "nitakanyaga lini", kwa sababu hilo si swali moja na ndiyo maana linapotea.

Chukua mvunjiko wa kifundo cha mguu uliofungwa bamba na skrubu. "Kukanyaga" kwa mgonjwa kuna maana nne: kugusa chini kwa ncha ya vidole ili asiyumbe, kuweka sehemu ya uzito akiwa na magongo mawili, kuweka uzito wote ndani ya buti ya kuvua, na kutembea na kiatu cha kawaida. Kila moja ina muda wake na kila moja ina hatari yake. Ukikanyaga mapema mno juu ya mfupa uliopondekapondeka, skrubu inalegea au mfupa unazama upande. Ukichelewa mno, msuli wa shavu la mguu unanyauka, kifundo kinakakamaa, hatari ya damu kuganda kwenye mguu inabaki juu. Tena "sehemu ya uzito" haipimiki kirahisi: mwambie mtu aweke kilo 20, mpandishe kwenye mizani ya bafuni, atakuwekea 40 huku anakutazama usoni.

Sasa mtu anayeunganisha maswali asipokuwa na fizio (mtaalamu wa mazoezi tiba) pembeni anaona maneno "kukanyaga", "kutembea", "mazoezi", "magongo" na kuyatia kapu moja: "mpango bora wa mazoezi tiba". Hajafanya ubaya wa makusudi. Hajui tu kwamba kuna tofauti ndani.

Na mfadhili akilipokea swali hilo, kila mtafiti anaweza kusema utafiti wake unalijibu. Utafiti wa AIR, wa 2021, ulilinganisha POP (plasta ngumu ya kufunga mfupa) na kifaa cha kuvua kwa watu 669 wenye mvunjiko wa kifundo. Kufikia wiki ya 16, utendaji wa kifundo haukutofautiana kwa kiasi cha kujali. Jibu zuri, la maana, lakini je, ni jibu la "lini"?

#11 Swali_La_Kumi

Asante @Nyayo_Mbili, ndicho nilichokuwa natafuta. Yaani umeniunga mkono?

#12 Nyayo_Mbili (fizio)

Nusu. Nimesema kapu ni baya, sijasema kapu limewekwa na koti jeupe. Wagonjwa wenyewe kwenye warsha wanapenda maswali mapana, kwa sababu kila mmoja analiona la kwake humo.

#13 Nusukaputi

Naona uzi umeegemea miguu, niongeze la usingizi. Orodha ya 2018 ilikuwa na ukarabati (kumrejeshea mgonjwa uwezo wake), maumivu, upasuaji na pia dawa za usingizi. Watu walishangaa usingizi kuingia. Mimi sishangai: sindano ya ganzi ya mgongoni au nusukaputi, ni kitu ambacho mgonjwa anaulizwa dakika chache kabla, na ndugu amekwisha kusikia kwamba nusukaputi "inaharibu kumbukumbu ya mzee".

Utafiti wa REGAIN, Marekani na Kanada, ulitoka 2021. Watu 1,600 wenye mvunjiko wa nyonga, miaka 50 na zaidi. Kilichopimwa siku ya 60: amefariki, au hawezi kutembea kama mita 3 bila kushikwa na mtu, fimbo au gongo vinaruhusiwa. Ganzi ya mgongoni 18.5%, nusukaputi 18.0%. Basi, hakuna mshindi. Lakini angalieni kipimo: mita 3 ni kutoka kitandani hadi chooni. Hicho ni kipimo cha mgonjwa, na kimepatikana bila orodha ya Uingereza kuhusika.

#14 Mfupa_Mrefu (mifupa)

@Nusukaputi umegusa penyewe. Nadhani mnabishania mlango wa kuingilia wakati nyumba inaungua nyuma. Swali liandikwe na nani, haisaidii sana kama kipimo cha mwisho ni picha ya eksirei.

Mfano: ultrasaundi ya nguvu ndogo ya kuharakisha mfupa kuunga. Miaka mingi tafiti ndogo zilihesabu siku za mfupa kuonekana umeunga kwenye picha, na zikaonyesha faida. Ukaja utafiti wa TRUST, 2016, watu 501 waliovunjika mfupa wa muundi na kufanyiwa upasuaji. Walipima uwezo wa mtu kuendesha maisha yake, wakapima na picha. Haikuleta nafuu popote. Mwaka uliofuata ukatoka mwongozo wa kutoitumia, na jopo lake lilikuwa na watu waliowahi kuvunjika mifupa.

Kwa hiyo mimi nasema: kabla ya kupanga maswali, panga vipimo. Kwa nyonga kuna makubaliano ya 2014 ya mambo matano ambayo kila utafiti uyapime: vifo, maumivu, shughuli za kila siku, kutembea, na ubora wa maisha kiafya. Ukiwa na hayo matano, hata swali la daktari litalazimika kumjibu mgonjwa.

#15 Kandambili

Daktari, kwani ile tafiti ya DRAFFT2 si ndiyo ilisema POP haina kazi kwenye kifundo cha mkono, bora waya wa kushikilia mfupa? Hapo mgonjwa alitaka nini?

#16 Mfupa_Mrefu (mifupa)

Kinyume chake, ndugu. DRAFFT2, 2022, watu 500 ambao mfupa wa kifundo cha mkono ulihama kurudi nyuma na ukahitaji kuvutwa urudi mahali pake. Nusu wakafungwa POP iliyofinyangwa vizuri, nusu wakatiwa waya. Baada ya miezi 12 maumivu na utendaji wa mkono vilikuwa sawa. Ila kwenye kundi la POP, 13% walihitaji upasuaji ndani ya wiki sita za kwanza kwa sababu mfupa ulihama tena. Upande wa waya ni mtu mmoja tu.

Sasa hapo ndipo mgonjwa na daktari wanasoma karatasi moja kwa macho mawili. Daktari anasoma: matokeo sawa, anza na POP, 87% umewaepusha chumba cha upasuaji. Mgonjwa mmoja anasoma hivyohivyo. Mwingine anasema: nafasi ya mtu mmoja kati ya wanane kurudishwa wiki ya pili nianze upya, sitaki, nitieni waya leo. Wote wako sahihi. Na POP ikifinyangwa vibaya, bila kubanwa pointi tatu, pamba nyingi ndani, hiyo 13% itapanda.

#17 Mezani

Nielezee warsha ya mwisho maana wengi wanaiwazia kama bunge.

Ni siku moja, watu kama 25 hadi 30, wagonjwa na ndugu kwa watabibu karibu nusu kwa nusu. Wawezeshaji hawana upande. Kila mtu ametumiwa maswali mapema na amekuja na matatu yake ya juu na matatu ya chini. Mnagawanywa vikundi vitatu vilivyochanganywa. Mezani kuna kadi, kila kadi swali moja, nyuma ya kadi namna kila kundi lilivyolipa nafasi kwenye hojaji. Raundi ya kwanza kila mmoja anasema yake bila kukatizwa. Kisha kadi zinasogezwa: juu, kati, chini. Kisha zinapangwa moja hadi ya mwisho. Nafasi za vikundi vitatu zinajumlishwa, vikundi vinavurugwa upya, mnapanga tena. Jioni wote pamoja mnamalizia, hasa mpaka kati ya la 10 na la 11.

Mambo yanayoharibu: anayeanza kuongea akiwa daktari bingwa, wengine watatu wanamfuata, kwa hiyo mwezeshaji mzuri anaanzia kwa mgonjwa na hataki vyeo kwenye beji. Kadi zenye herufi ndogo mezani kwa watu wa miaka 75. Kiti kigumu kwa mtu aliyevunjika fupanyonga, saa nane mchana hana tena nguvu ya kubishana, anasema "sawa tu". Ndiyo maana raundi ya pili iwe fupi na mapumziko yasikatwe. Na watafiti wasio watabibu hawapigi kura, wanakaa pembeni. Hilo watu hulisahau wanapodai kwamba watafiti wamejipangia kazi.

Kwa uzoefu wa mbinu hii, kadi inayopanda sana raundi ya pili ni ile iliyopata mtu wa kuieleza kwa mfano mmoja. Ikikosa msemaji, inazama hata kama hojaji iliipa nafasi ya 3.

#18 Mzee_wa_Takwimu

@Mezani basi umethibitisha kwamba ni bahati ya msemaji. Watu 30 wanapindua hojaji ya mamia.

#19 Mezani

Hojaji inahesabu, haielezi. Kama hutaki kubadili mawazo baada ya kusikilizana, usifanye warsha, chapa orodha ya hesabu.

#20 Mzee_wa_Takwimu

Ndicho ninachopendekeza 😄

#21 Kidonge_Si_Sindano

Kuna njia ya tatu. Marekani kuna PCORI, taasisi ya kufadhili utafiti iliyozaliwa na sheria ya 2010. Wao wanataka wagonjwa ndani ya utafiti wenyewe: kuchagua kipimo, kusoma fomu ya ridhaa, kusema ziara ngapi za kliniki zinavumilika. REGAIN ya @Nusukaputi fedha zake zilitoka huko. Mwingine ni PREVENT CLOT, 2023: watu 12,211 waliovunjika, aspirini ya vidonge dhidi ya sindano za heparini za kuzuia damu kuganda. Vifo kwa siku 90: 0.78% kwa aspirini, 0.73% kwa sindano. Damu kuganda kwenye mapafu 1.49% pande zote. Kuganda mguuni aspirini ilizidi kidogo, 2.51% kwa 1.71%.

Mtu anayejichoma tumboni mara mbili kwa siku kwa wiki kadhaa anajua uzito wa swali hilo. Halikuhitaji kupigiwa kura liwe la kumi.

#22 Swali_La_Kumi

Lakini hapo nani aliamua aspirini ndiyo ishindanishwe? Mgonjwa kaitwa meza ikiwa imeandaliwa.

#23 Kidonge_Si_Sindano

Meza ikiandaliwa vizuri, ukaruhusiwa kubadili vyombo, si haba. Orodha ya kumi nayo ikishatoka hakuna anayelazimishwa kuifadhili.

#24 Kitabu_Wazi

Hapo kwenye ufadhili kuna data ya magonjwa kwa ujumla, si mifupa pekee. Uchambuzi wa 2015 ulilinganisha vipaumbele vya ushirika huu na tafiti zilizosajiliwa. Dawa zilikuwa 18% ya matakwa ya wagonjwa na watabibu, 37% ya tafiti zisizo za kibiashara, na 86% ya za kibiashara. Fizio na elimu ya mgonjwa hazina kiwanda nyuma yake. Kwa hiyo @Mfupa_Mrefu, nyumba inayoungua nyuma naona ni hii.

Halafu hakuna aliyegusa yale 12. Maswali 88 yalikuwa 76 baada ya kupimwa na ushahidi. Yaani 12 yalikuwa na majibu tayari, na watu bado wanayauliza. Hayo utafiti mpya hauyahitaji, yanahitaji karatasi moja iliyoandikwa kwa lugha ya mtu, aondoke nayo wodini.

#25 Gongo_la_Mkono

Isipokuwa "lina jibu" nalo lina mushkeli. Swali linaondolewa kama kuna mapitio ya kimfumo ya karibuni yenye jibu la uhakika. Sasa mapitio hayo yanajumlisha tafiti ambazo wenye upungufu wa kumbukumbu mara nyingi waliachwa nje tangu kuandikishwa. Kwa hiyo lina jibu kwa nani?

#26 Kandambili

Swali langu halijaulizwa na kamati yoyote: kuwashwa ndani ya POP. Mnatumia nini? Sindano ya kufumia inafika mbali.

#27 Nyayo_Mbili (fizio)

Usiingize kitu chochote! Ngozi ya ndani imelainika, ukichubua kidogo tu inageuka kidonda usichokiona, na pamba ikijikunja inabana. Mashine ya kukaushia nywele, hewa ya baridi si ya moto, puliza kwenye mdomo wa POP. Inua mguu juu ya usawa wa moyo. Kukiwa na harufu, unyevu unaotokeza nje, vidole kufa ganzi au maumivu yanayozidi ukinyoosha vidole, hiyo si kuwashwa, nenda ikafunguliwe leo hii.

#28 Mezani

Kwa watoto wenye mfupa wa kifundo cha mkono uliobonyea tu bila kukatika, FORCE ya 2022, watoto 965, ilionyesha bendeji laini na kwenda nyumbani moja kwa moja haikuongeza maumivu siku ya tatu ukilinganisha na kifaa kigumu. Hapo kuwashwa kumeondolewa na mfungaji mwenyewe.

#29 Kandambili

Kumbe swali langu lina jibu na nilikuwa sijui. Niwekeni kwenye yale 12.

#30 Karatasi_Nyeupe

@Kandambili, likiingia kwenye jedwali lazima tuliandike "njia bora za kupunguza usumbufu wa vifaa vya kutuliza mfupa". Safu ya pembeni nitakuachia na sindano yako ya kufumia.

#31 Swali_La_Kumi

Si mnaona sasa!